Fundi Asiyeingia Chumbani

Chumba chetu cha picha kipo ndani ya nyumba ya shangazi Somoe, hapa Mchinga, upande wa uani. Mteja anavua viatu barazani, anapita sebuleni, anapita pazia, ndipo anaikuta kompyuta. Shangazi alipanga hivyo kwa makusudi. Steshenari ipo barabarani, na mashine yake ni nzuri kuliko yetu, lakini anayekaa pale ni mwanaume, na picha za siku ya hina hazipelekwi kwa mwanaume. Siku ile wanawake wamo wenyewe, vichwa wazi, kanga kifuani, wanacheza. Bibi harusi anaonyesha hina iliyopakwa mpaka mgongoni. Kila mwenye simu anapiga picha. Baadaye wanataka picha zisafishwe na zipangwe kwenye albamu, na hapo ndipo wanakuja kwetu.

Wananipa simu mkononi wakisema chukua zote, utachagua mwenyewe. Nazichukua zote, naziweka kwenye folda yenye jina la mwenye harusi. Shule niliacha nikiwa darasa la tano, mama alipoanza kuugua. Maneno ya Kiingereza ya kwenye kompyuta siyasomi, nayajua kwa mahali yalipokaa, kama mtu anavyojua vyombo vya jikoni kwake hata taa ikizimika. Kazi hii ilinifaa kwa sababu haina maneno mengi. Mimi kuongea na watu kunanishinda, na wanaume ndiyo kabisa. Nikisalimiwa na mwanaume naitikia nikitazama miguu yake.

Tatizo lilikuwa fundi. Mashine inaharibika kama kitu kingine chochote, na fundi wa kike wa kompyuta huku sijamsikia. Shangazi alikataa katakata mwanaume kukaa na binti chumbani. Alisema hawezi kuwaeleza majirani kwamba mlango umerudishwa kwa ajili ya vumbi na wale wawili ndani wanatengeneza printa.

Ndipo akamkumbuka Hussen. Marehemu mume wa shangazi alikuwa baba yake mkubwa Hussen, naye Hussen ana duka la kutengeneza kompyuta Lindi mjini. Alikuja mara moja tu. Shangazi alikaa mlangoni na ungo wake akichambua mchele, na Hussen aliweka kwenye mashine programu yenye alama ya ufunguo wa kijani. Alipomaliza alisema hana haja ya kuja tena. Sisi tuwashe data tu, tumtumie ujumbe, naye ataingia kwenye mashine kutokea dukani kwake, ataona kilichoharibika na kukitengeneza.

Shangazi alimshukuru Mungu. Akawaambia wateja kwamba fundi wetu haingii chumbani, na wateja wakaridhika. Wakawa wanakuja hata kutoka Lindi kwa ajili hiyo. Aliyefurahi kuliko wote nilikuwa mimi. Printa ikigoma naandika "kaka, printa", halafu naona mshale unaanza kutembea wenyewe juu ya kioo. Sikuwa nakaa kuutazama. Niliona haya kukaa kwenye kiti wakati mkono wa mwanaume unafanya kazi mbele yangu, hivyo nilikuwa nainuka na kwenda jikoni kugeuza wali mpaka amalize.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani aliolewa Saida, mtu niliyecheza naye utotoni. Aliolewa na Bakary, anayenunua samaki hapa na kuwapeleka bara. Ni mtu mzuri ila ana wivu, na simu ya mkewe anaipekua. Saida alipokuja kuchagua picha zake alicheka sana kwenye moja. Amekaa kwenye kigoda, amegeuza mgongo, kanga imeshuka mpaka kiunoni, na tawi la asumini limechorwa kutoka begani likashuka katikati ya mgongo. Sura haionekani. Aliniambia hiyo nisiisafishe. Kwenye simu yake alishaifuta, na shoga yake aliyempiga picha alifuta pia.

"Hii ikae humuhumu kwako," alisema. "Nikizeeka nitakuja kujitazama."

Basi ikakaa. Picha ile haikuwa mahali pengine popote ila kwenye mashine yetu.

Mwezi mmoja baada ya Idi rangi nyekundu ya printa ilianza kufifia. Nikamwandikia Hussen, mshale ukatembea, mimi nikaenda jikoni. Alipomaliza alinipigia simu. Alisema imekaa sawa, niizime na kuiwasha. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitambaa:

"Halafu niulizie huyo mpakaji wenu wa hina. Lile tawi la mgongoni, mchumba wangu amelipenda."

Nikasema sawa. Nilirudi kwenye kiti nikakaa nikitazama kioo, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kila nilipokwenda jikoni nilikuwa namwacha mwanaume peke yake na wanawake wote wa Mchinga, vichwa wazi.

Siku ileile nilikamata ile alama ya ufunguo wa kijani, nikaiburuta mpaka kwenye debe la taka, nikalimwaga debe. Nilijisikia kama mtu aliyetia komeo. Nikaendelea na kazi.

Baada ya siku chache nilikuwa nakata picha za pasipoti, data imewashwa kwa sababu mteja mmoja alikuwa ananitumia picha kwenye WhatsApp. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye mkasi na karatasi. Mshale ukatembea. Ukapita juu ya folda za harusi, ukasimama, ukafungua ukurasa mweupe, na herufi zikaanza kutokea moja moja mbele ya macho yangu.

"Dada Mwahija umefuta alama yangu? Nimeirudisha. Usiguse usichokijua."

Ufunguo wa kijani ulikuwa umerudi mahali pake. Nikachomoa waya ukutani.

Jioni nilimweleza shangazi. Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye mkeka, hakunikatiza. Aliuliza kama Hussen aliwahi kunitamkia jambo la aibu. Nikasema hapana. Aliuliza kama alitaka chochote kwangu. Nikasema hapana, aliuliza hina tu. Nilidhani atampigia simu palepale, kwa sababu shangazi ana ulimi mkali na vijana wa ukoo ule wote wanamwogopa. Badala yake alizungumza taratibu.

"Ukilitoa hili nje, hicho chumba tumekifunga. Na hawatasemwa watu wa Lindi. Tutasemwa sisi, kwamba tulikuwa tunawauza."

Akaniagiza nizime data, nifanye kazi, nifunge mdomo. Fundi mwingine atatafutwa taratibu.

Nilimtii. Lakini wateja waliendelea kuja. Walivua viatu, wakapita pazia, wakanipa simu zao wakisema chukua zote. Mama mmoja aliyekuja na picha za hina ya mwanawe alinisifu kwamba chumba chetu kina amana. Nikachukua picha zake. Nilijua kwamba data imezimwa, na nilijua pia kwamba ule ufunguo umo ndani umelala, na siku nikikosea nikawasha utaamka.

Niliyemwambia ni Apolonia, nesi wa zahanati. Kwao ni Masasi, na huja kwetu kutoa kopi. Kumwambia yeye ilikuwa rahisi kwa sababu picha yake haimo mle. Pia anasoma Kiingereza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, kicheko kisicho cha furaha.

"Kwa hiyo mlimnyima kiti, mkampa nyumba nzima."

Nilitaka kulia. Akaona, akaniambia atakuja Jumapili akitoka kanisani, na kwamba kuondoa alama kwenye kioo hakujaondoa kitu, ni sawa na kubandua jina la mtu mlangoni wakati yeye yumo chumbani amelala.

Jumapili shangazi alikuwa amekwenda msibani. Apolonia akakaa kwenye kiti changu, mimi nikakaa kwenye ndoo. Alifungua mahali panapoonyesha programu zote zilizomo kwenye mashine, akasoma majina mpaka akaukuta ufunguo wa kijani. Akaamuru uondolewe. Mashine ikauliza kama tuna hakika, ikafanya kazi, ikasema tayari, tuizime na kuiwasha. Tukaizima. Ilipowaka, ufunguo wa kijani ulikuwa pembeni ya saa, pale chini, mdogo kama punje ya choroko.

Apolonia alitamka neno ambalo sikutegemea kulisikia kwa mtu aliyetoka kanisani.

Akatafuta kwenye simu yake, akapata video ya kijana anayeeleza kwa Kiswahili. Yule kijana alisema programu za namna hii huacha mlinzi. Mlinzi ni programu nyingine ndogo inayoamka kila mashine inapowashwa, inatazama kama mwenzake yupo, na ikimkosa inamrudisha. Kwa hiyo wa kuanza naye ni mlinzi. Mashine iwashwe kwa namna ya kuamsha vitu vyake vya lazima tu, mlinzi azimwe, kisha programu iondolewe, kisha folda zake zifutwe, kisha jina lake litafutwe kwenye mashine nzima mpaka lisionekane popote.

Tulimrudiarudia yule kijana mpaka bando la Apolonia likakaribia kwisha. Mlinzi tulimpata, lakini jina lake lilifanana na majina ya vitu vya mashine yenyewe. Apolonia akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Hiki nikikosea mashine haitawaka tena. Na picha zote za watu zimo humu."

Nilifikiri kuhusu shangazi, na fedha za korosho alizonunulia mashine ile. Nikamwambia azime.

Akazima, akaondoa. Tulipoiwasha kioo kilikaa cheusi muda mrefu, nikawa nasikia pumzi zangu. Kisha ikawaka. Hakukuwa na ufunguo pembeni ya saa. Tukafuta folda zake, tukatafuta jina lake, likaonekana sehemu mbili tatu zilizosahaulika, tukazifuta nazo. Apolonia akasema bado. Akafungua mahali pa watumiaji wa mashine. Mimi najua mtumiaji ni mmoja, ni mimi. Pale walikuwa wawili. Wa pili aliitwa Msaidizi, alikuwa na nywila yake, na mashine ikiwashwa kwa kawaida alikuwa haonekani. Tukamwondoa pia, na nywila yangu tukaibadilisha.

Tukawasha data. Tukakaa tunautazama mshale. Nzi alitua kwenye kioo, nikashtuka. Mshale haukwenda popote.

"Ametoka," alisema Apolonia.

Nikamuuliza kuhusu vitu alivyovichukua Hussen, kama navyo tumeviondoa. Akajifunga mtandio wake, akasema hivyo haviko kwenye mashine hii, viko kwa mwenye navyo, na video ya yule kijana haiwezi kunisaidia hapo.

Baada ya yeye kuondoka nilimpigia Hussen. Sijawahi kuanza mimi kumpigia mwanaume simu. Nilikaa kwanza, nikanywa maji, nikapiga. Alipokea akicheka, akauliza mbona siku hizi mashine haionekani, tumehama?

Nikamwambia tumeitoa programu yake.

"Mmeitoa? Na siku ikiharibika?"

"Kaka Hussen, ile picha ya tawi uliichukua?"

Akaanza kuzungumza upesi. Alisema yeye ni fundi, na fundi anaona, kama daktari anavyoona. Alisema hakufungua folda kwa nia mbaya, alikuwa anajaribu rangi nyekundu, akatafuta picha yenye wekundu.

"Uliichukua?"

"Ile moja tu. Nilimtumia mchumba wangu aone hina. Dada, hata sura haionekani. Ni mgongo. Mimi nishaifuta."

"Na yeye?"

Akasema hajui, atamuuliza. Akaniomba nisimwambie mama mkubwa. Mama mkubwa ni shangazi.

Sura haionekani, hilo ni kweli. Lakini lile tawi kila mwanamke aliyekuwepo siku ile analijua, na mpakaji huchora ua jipya kwa kila harusi. Ikifika kwenye simu ya mtu mmoja wa Mchinga, tayari ina jina. Ikifika kwa Bakary kupitia kwa mtu mwingine, Saida hatakuwa na la kusema. Atakachosikia Bakary ni kwamba mkewe alijifunua, akapigwa picha, picha iko Lindi kwa kijana, na yeye ni wa mwisho kujua. Nimeona ndoa zikivunjika kwa vitu vidogo kuliko hicho.

Kesho yake asubuhi sikufungua chumba. Nilimwambia shangazi kichwa kinaniuma, nikatoka kwa mlango wa uani.

Saida nilimkuta kwake, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alifurahi kuniona, akanitania kwamba leo jua litatua mapema kwa kuwa Mwahija ametoka ndani. Nikakaa kwenye kizingiti. Nilimweleza bila kupanga, nikaanzia mwisho, nikarudi mwanzo, nikamtaja Hussen, nikamtaja mchumba. Alikuwa anaendelea kukuna. Kisha mkono ukasimama.

"Ipi?"

"Ya mgongo."

Akatazama kifuu alichokishika. "Ulijua lini?"

Nikamwambia.

"Na tangu hapo umeendelea kupokea simu za watu."

"Data nilizima."

"Lakini ulipokea."

Alianza tena kukuna, taratibu, ingawa nazi ile ilikuwa imekwisha na meno ya mbuzi yalikuwa yanagusa kifuu. Nilidhani atanifukuza, au atanisihi nisimwambie mtu, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Alichosema ni kwamba Bakary yuko njiani anakuja kula, na kwamba nisiondoke.

"Nikimwambia peke yangu atadhani nimetunga," alisema. "Utamwambia wewe."

Nikamwambia siwezi. Alijua siwezi, ananijua tangu tukiwa wadogo. Akasema nitaweza, kwa sababu aliyekuwa kwenye kile chumba ni mimi, si yeye.

Bakary aliingia na jasho, harufu ya samaki imemtangulia. Alinisalimia, akauliza hali ya shangazi. Saida akamwambia Mwahija ana neno. Bakary akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaningoja. Nilitazama miguu yake, nikaona magamba yamekauka kwenye kidole gumba, na nikaanza na printa. Nikamweleza ufunguo wa kijani, na namna nilivyokuwa nakwenda jikoni. Nikamweleza picha yenyewe na ilipofika. Sauti yangu ilikuwa inazama, alinirudisha mara kadhaa akisema hajasikia, na kila mara nikalisema tena.

Nilipomaliza hakunitazama mimi. Alimtazama mkewe.

"Kwa nini hukuniambia kama ulipiga picha hiyo?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," alisema.

Saida alifunika ile nazi kwa kawa. Bakary akauliza picha hiyo kwetu bado ipo? Nikasema ipo, sikuifuta bila ruhusa ya mwenyewe. Akamgeukia Saida, na nikaona anamwachia yeye ajibu.

"Ifute," alisema Saida. "Na unapofuta, nisikuone unakuja kuniambia umefuta."

Bakary aliinuka, akachukua shati lake kwenye kamba, akavaa mkono mmoja. Nikajua anakwenda Lindi. Saida hakumzuia, alimwambia tu chakula hakijaiva. Bakary akasimama hivyo mlangoni, shati limening'inia, anatazama nje muda mrefu. Kisha akaniuliza kama shangazi anajua niko pale.

"Hajui."

"Nenda kamwambie. Mwambie yule kijana ni wa kwao, na mimi sitaki kwenda kwake peke yangu nikafanya jambo. Tutakwenda na shangazi yako. Tutamkuta kijana na huyo mchumba wake na simu zao." Akavaa mkono wa pili. "Na hao wengine wenye picha mle ndani, nao wana waume."

Nikasema nitawaambia. Nilisema kwa sauti, bila kurudishwa.

Nikavaa ndala zangu. Kwetu mgeni husindikizwa, hata kama ni hatua chache mpaka kwenye kona ya ua, na mimi na Saida tangu utoto tulikuwa tunasindikizana mpaka mmoja anafika kwao, halafu anamrudisha mwenzake. Nilisubiri kidogo pale nje. Nikamsikia anamimina maji kwenye nazi na kuanza kukamua tui. Nikaondoka peke yangu kumfuata shangazi.